Milango ya Kazi Katika Nchi ya Kajiado

Nchi iliyo kusini mwa Nairobi, tangu nyanda za Kapiti hadi mpaka wa Namanga, imezoeleka kusimuliwa kwa neno moja, kwamba ni nchi ya Wamasai na ng'ombe wao, na kwamba wengine wote wanaoonekana humo wamekuja juzi kwa kufuata viwanda na viwanja. Masimulizi hayo yana kweli ndani yake, na mwenye insafu hawezi kuikana. Lakini yanaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni kuwa kazi ya nchi ile haikupata wakati wowote kufanywa na kabila moja peke yake, na kuwa kila mara mgeni alipoingia kufanya kazi aliingia kwa mlango uliofunguliwa na mtu aliyejua vema anafungua nini na kwa faida ya nani. Nataka kuifuata milango hiyo kwa taratibu, maana mabishano ya siku hizi juu ya nani anastahili kuajiriwa Kitengela na nani hastahili hufanywa kana kwamba tarehe ya mahali pale ilianza asubuhi ile lango la kiwanda lilipofunguliwa.

Kabla ya dola ya Kiingereza, tawi la Ilkaputiei lililisha mifugo katika nyanda za Kitengela, Ilmatapato wakakaa upande wa Namanga, Iloodokilani wakashika bonde la Magadi, na Ilkisonko wakaenea kuelekea Kilimanjaro. Kazi zilikwenda kwa umri na kwa jinsia: watoto walichunga ndama na kondoo, morani walilinda na kupeleka ng'ombe malisho ya mbali, wazee wakaamua juu ya maji na nyasi, na wanawake wakakamua, wakajenga nyumba, wakayamiliki maziwa na mgawanyo wake. Hata hivyo boma halikujitosheleza. Mikuki na sime zilifuliwa na Ilkunono, ukoo wa wahunzi ambao wenzao hawakukubali kuoana nao, ilhali hakuna morani aliyeweza kusimama bila kazi ya mikono yao; asali ya sherehe ilitoka kwa Iltorobo, watu wa msituni waliowinda; na nafaka, viazi na vibuyu vilitoka kwa Wakikuyu na Wakamba, katika biashara iliyoshikwa zaidi na wanawake, ambao aghalabu waliachiliwa kupita na mizigo yao hata wakati waume zao walipokuwa vitani.

Kisha wakaja watu wa pwani. Misafara ya pembe za ndovu iliyofungwa Mombasa na Pangani ilipanda kwa njia ya Taveta, ikakata nchi ya Wamasai kwa kulipa hongo ya nyuzi za chuma, shanga na nguo, ikafika Ngongo Bagas, kituo kilichokuwa karibu na vilima vya Ngong, ambako wapagazi walinunua kwa Wakikuyu chakula cha safari ya mbele. Mmoja wa wakubwa wa tijara hiyo alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani, ambaye mwaka 1883 alifuatana na Joseph Thomson, Mskoti aliyesifiwa Ulaya kwa kuivuka nchi ya Wamasai. Na kwa haki sifa ile ingaligawanywa, kwa sababu njia ilijulikana na Kimemeta na wapagazi wake miaka mingi kabla Thomson hajazaliwa katika fikira za Chama cha Jiografia cha London. Nawakumbuka wapagazi hawa kwa sababu wao ndio waliotangulia kupita nyanda za Kajiado kwa kazi ya ujira wa mwezi. Walikuwa Waswahili, Wanyamwezi, Wazaramo, Wazigua, watumwa na waungwana katika safu moja, na Kiswahili walichosemezana njiani ndicho kilichobaki kuwa lugha ya kazi katika nchi ile hata leo.

Miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa ilikuwa miaka ya msiba. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na vita vya warithi wa laiboni Mbatiani, yaani Olonana na Sendeu, vikawagawa waliosalia. Katika udhaifu huo ndipo reli ilipoingia. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 baada ya kupita katika nyanda za Kapiti, na ikamalizika Kisumu mwaka 1901. Na mikono iliyoijenga ilikuwa zaidi ya yote mikono ya Wahindi, takriban 32,000 waliochukuliwa kwa mikataba, ambao karibu 2,500 walifia kazini na wasiopungua 6,000 walibaki nchini muda wao ulipokwisha. Serikali ilieleza kuwa Waafrika hawakutaka kazi ile. Neno hilo, kwamba wenyeji hawataki kazi, lilisemwa hapo, na tutalisikia tena katika habari hii, kila mara likitamkwa na mtu aliyetaka kuleta watu wengine.

Mwaka 1904 Olonana na wazee wenzake walitia sahihi mkataba na Kamishna wa Kiingereza, Sir Donald Stewart, Wamasai wakaondolewa Bonde la Ufa kwa ahadi kwamba watakaa katika hifadhi mbili, ya Laikipia na ya kusini, maadamu kabila lao liko. Ahadi haikudumu miaka kumi. Mkataba wa 1911 uliwahamisha wa Laikipia kuja kusini, na Ole Njogo na Wamasai wenzake walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola na dola, basi mahakama haina mamlaka juu yake. Hivyo ndivyo Kajiado ilivyopata kuwa hifadhi. Nchi iliyofungwa hivyo, kwa hesabu ya walowezi, ilipasa kutoa vibarua kama zilivyotoa nchi nyingine zilizobanwa kwa kodi ya nyumba na kipande. Lakini hapa hesabu haikutimia, kwa kuwa mwenye ng'ombe aliweza kuuza mnyama mmoja akalipa kodi yake, asione sababu ya kwenda kulima kahawa ya mtu mwingine Thika au Kiambu. Maofisa waliandika kuwa ni kiburi na uvivu. Mimi naona ilikuwa hesabu sahihi ya mtu aliyejua thamani ya mali yake na thamani ya siku zake, na ni dhuluma kwamba hukumu ile ya maofisa imeendelea kurudiwa na watu wasiojua ilikotoka.

Katika mwaka uleule wa 1911 ilianzishwa Kampuni ya Magadi Soda, na hapa pana habari inayostahili kukaliwa zaidi kuliko inavyokaliwa. Ziwa Magadi liko chini kabisa ya Bonde la Ufa, mahali pa joto linalopita nyuzi 40 katika miezi yake mikali, na uso wake umefunikwa na magadi yaliyoganda, ambayo Wamasai waliyajua tangu kale na kuyatumia kwa mifugo yao. Viwanda vya kioo na sabuni vya dunia viliyahitaji kwa wingi. Basi ikajengwa reli ya peke yake kutoka Konza hadi ziwani, karibu kilomita 150, na miongoni mwa vituo vyake kilikuwamo Kajiado. Mji wa Kajiado, wenye ofisi ya mkuu wa wilaya, maduka ya Wahindi na wafanyabiashara wa ng'ombe wa Kisomali, ulikua kando ya reli hiyo, na hivyo kwa asili yake ni mji wa kazi ya watu wengi, si kijiji cha ufugaji kilichovamiwa baadaye.

Kampuni haikujaribu sana kuwaajiri Iloodokilani ambao ziwa lilikuwa mbele ya maboma yao. Ilileta Waluo na Waluhya kutoka Nyanza, Wakamba kutoka upande wa pili wa reli, Wakikuyu, na kutoka Bara Hindi makarani, mafundi wa mitambo na waashi; juu yao wote wakawekwa Wazungu. Magadi yalikatwa na kupakiwa na Waafrika katika mng'aro wa jua unaoumiza macho, mashine ziliendeshwa na kutengenezwa na Wahindi, na hesabu ya faida ilisomwa na Waingereza. Nyumba zilijengwa kwa daraja hizohizo, na mshahara, kama ilivyokuwa desturi ya koloni zima, ulikuwa wa ngazi tatu kwa kadiri ya rangi ya mpokeaji. Kampuni ilipita mikononi mwa kampuni ya kemikali ya Kiingereza, Brunner Mond, mwaka 1924, ikaingia chini ya ICI mwaka 1926, na mwaka 2005 Tata ya India ikainunua pamoja na Brunner Mond. Ndivyo ilivyotokea kwamba mjukuu wa karani wa Kihindi aliyeandika majina ya vibarua Magadi angeweza kuona kampuni ileile ikimilikiwa kutoka Mumbai. Reli bado iko. Na malalamiko ya Iloodokilani, kwamba ardhi ni yao na nafasi za juu ni za wengine, nayo bado yako, na hayawezi kujibiwa kwa kusema kuwa mji wa Magadi una watu wa kila kabila.

Wakikuyu walikuwa na njia nyingine ya kuingia, isiyo ya kampuni. Tangu miaka ya mwanzo ya hifadhi waliolewa, wakaoa, wakapokewa katika maboma ya Ngong na Loitokitok kama jamaa, wakalima mahindi na maharage mahali ambapo mvua iliruhusu. Serikali iliwatilia shaka, na katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 wengi walifukuzwa, wengine wakafungwa katika kambi za kizuizini, na mojawapo ya kambi hizo ilikuwa Athi River, hatua chache kutoka mahali ambapo leo wajukuu wao hushona nguo. Baada ya uhuru walirudi, safari hii wakiwa na fedha za kununua.

Athi River yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa mji wa viwanda. Shirika la Nyama la Kenya, ambalo kila mtu hulijua kwa jina la KMC, liliundwa mwaka 1950, na kiwanda cha saruji cha East African Portland kikafuata kabla muongo ule haujaisha, kikichimba chokaa yake katika ardhi ya Kajiado. Nyama ilikuwa ya Wamasai, saruji ilikuwa ya miamba ya Wamasai, lakini waliochinja, waliochuna, waliochoma chokaa na kubeba mifuko walikuwa zaidi Wakamba wa Machakos na watu wa magharibi. Hali kama hiyo ilipata kuonekana Chicago, katika machinjio makubwa yaliyofunguliwa mwaka 1865: Waayalandi na Wajerumani walitangulia, wakafuatwa na Wapolandi na Walithuania, kisha, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowazuia wahamiaji wa Ulaya, wakaja watu weusi kutoka majimbo ya kusini, na Wameksiko nyuma yao. Kila kundi liliambiwa na lililotangulia kuwa limekuja kupunguza mishahara, na mara nyingi mwenye kiwanda alikuwa amelileta kwa nia hiyohiyo.

Uhuru ulibadilisha baadhi ya nafasi. Sheria za 1967, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, ziliwafanya Wahindi wengi wasiokuwa raia wafunge maduka, na makaunta ya Kajiado yakashikwa na Waafrika. Lakini badiliko lililoigeuza Kitengela halikuhusu maduka. Lilihusu hati za ardhi. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya mashamba ya kundi, ambayo wenyeji huyaita ranchi za kundi, ili ardhi ya ufugaji imilikiwe kwa pamoja na jamaa zilizoandikishwa. Ranchi ya Kitengela ilikuwa na hekta kama 18,000 na wanachama wapatao mia mbili na kidogo. Na mwaka 1988 iligawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake na haki ya kukiuza. Miaka miwili baadaye, 1990, serikali ilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na la kwanza na kubwa kati ya yale ya umma likawekwa Athi River, mpakani mwa Machakos na Kajiado, kwenye makutano ya barabara ya Namanga. Wenye viwanda waliahidiwa miaka kumi bila kodi ya faida. Ardhi iliyokuwa haiuziki ikawa inauzika, na kazi isiyokuwapo ikawapo, karibu kwa pumzi moja.

Kituo kidogo cha Noonkopir, ambacho kilikuwa na maduka machache, duka la dawa za mifugo na mahali pa kupumzikia madereva wa malori ya Arusha, kikawa mji. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kitengela watu zaidi ya 150,000, katika kaunti ambayo yote kwa jumla, mwaka 1969, haikufikisha 90,000. Kaunti nzima ilikuwa imevuka 1,100,000. Wamasai, waliokuwa zaidi ya robo tatu ya wakaaji wa Kajiado katika hesabu ya 1962, walikuwa wamekwisha kubaki nusu na kitu kidogo katika ile ya 1989, kabla hata wimbi kubwa halijaja.

Wimbi hilo lilikuwa la wanawake, na jambo hili halijaandikwa vya kutosha. Mwezi wa Mei mwaka 2000 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, na wenye mitaji kutoka Asia wakaharakisha kufungua viwanda vya nguo Kenya ili wapitie hapo kwenda kwenye soko lile. Katika maeneo yote ya viwanda vya kuuza nje nchini wafanyakazi waliongezeka kutoka chini ya 10,000 mwaka 2000 hadi zaidi ya 30,000 mwaka 2004, na walio wengi walikuwa wanawake vijana, waliomaliza shule, kutoka Ukambani, Kisii, Nyanza, Magharibi na Mlima Kenya. Magadi na KMC zilikuwa zimewataka wanaume. Hapa msimamizi wa lango alichagua wasichana, kwa dhana kwamba vidole vyao ni vyepesi na midomo yao ni mizito.

Dhana ya pili ilikuwa kosa. Januari 2003, wiki chache baada ya serikali ya muungano wa NARC kushika madaraka, wafanyakazi wa nguo wa Athi River na maeneo mengine waligoma na kutoka barabarani, wakitaka mshahara unaokidhi kodi ya chumba, malipo ya saa za ziada, na haki ya kujiunga na chama. Wanawake waliotoka katika lugha kumi tofauti, wasiokuwa na ukoo wowote wa pamoja, walisimama mbele ya malango yaleyale wakisema Kiswahili kimoja. Nalihesabu tukio hilo kuwa kubwa katika tarehe ya kazi ya Kenya, na nasikitika kwamba watoto wa Kitengela hawafundishwi. Halikuwaletea yote waliyoyataka. Mwaka 2005 mipaka ya mgao wa nguo duniani iliondolewa, China ikaingia sokoni kwa nguvu zake zote, na baadhi ya viwanda vikafungwa. Waliobaki wakarudi kwenye mistari ya kukata, kushona, kupiga pasi na kufunga, wakiwa na hadhari ya mtu aliyeona jirani yake akiachishwa kazi.

Kwa mshahara wao mji mzima uliinuka. Waliojenga ploti za vyumba vya kupanga, walioendesha matatu na bodaboda, mama mboga na wauza uji wa asubuhi, walezi wa watoto ambao mama zao huondoka kabla ya alfajiri, wote walikula kutokana na cherehani. Na wenyeji? Baadhi ya jamaa za Ilkaputiei waliuza ekari baada ya ekari mpaka zikaisha. Wengine walijenga nyumba za kupangisha na kuwekeza katika ng'ombe wa maziwa. Wengine, baada ya watu na nyua kuziba njia za nyumbu wanaotoka Mbuga ya Nairobi, walikubali malipo ya kila mwaka ili waache ardhi yao wazi. Morani ambao babu zao walikataa ujira wa kahawa walikwenda Nairobi kuwa askari wa usiku, ilhali mifugo iliyobaki nyumbani huchungwa mara nyingi na vijana wa kuajiriwa kutoka mbali. Wapo pia waliopita kwa njia ya elimu: Dakta David Nkedianye, aliyefanya utafiti juu ya ardhi hiihii ya Kitengela, akawa gavana wa kwanza wa Kajiado mwaka 2013, na katika uchaguzi huohuo Peris Tobiko wa Kajiado Mashariki akawa mwanamke wa kwanza wa Kimasai kuchaguliwa kuwa mbunge wa jimbo.

Sheria za Kenya zimejaribu kuuweka sawa mchanganyiko huu. Ile ya Utangamano ya 2008 hairuhusu shirika la umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na ile ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini zijazwe na watu wasiokuwa wa kabila lenye wingi katika kaunti. Naziunga mkono zote mbili. Lakini zinahusu ofisi za umma, na walio wengi Kitengela hawafanyi kazi katika ofisi za umma. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi hata katika kiwanda cha mtu binafsi, na inampa mzazi mwanamke likizo ya miezi mitatu yenye mshahara. Isipokuwa haimlazimishi mwenye kiwanda kuonyesha mwaka kwa mwaka amewaweka nani wapi.

Marekani, ambako nguo hizi huenda, sharti hilo lipo. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi kazini kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au asili, na tangu 1966 mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi hupeleka kwa tume ya serikali hesabu yao, si kwa jumla tu, bali kwa kila daraja ya kazi: mameneja wangapi, mafundi wangapi, vibarua wangapi, wa rangi gani na jinsia gani. Hesabu hiyo haikuumaliza ubaguzi wa Marekani, wala hakuna anayedai hivyo. Lakini imewapa wanaodai haki kitu cha kushika mkononi. Duka la huko linalouza suruali iliyoshonwa Athi River hujaza hesabu hiyo kwa wauzaji wake, na halidaiwi kama hiyo kwa mwanamke aliyeishona. Kajiado na Machakos, ambazo mpaka wao unapita kando ya ukuta wa viwanda hivyo, zingeweza kuiomba Nairobi sharti kama hilo: kila kiwanda kiandike wanawake wangapi wako kwenye cherehani na wangapi ni wasimamizi, wenyeji wangapi wako langoni na wangapi wako ofisini, na wageni wa nchi za nje wanashika nafasi zipi na kwa muda gani. Iandikwe kwa daraja, kwa sababu Magadi ya mwaka 1930 nayo, kwa kuhesabu vichwa tu, ingaliweza kuonyeshwa kuwa mahali pa watu wa kila asili.